Kilima, Mji na Mahali Patakatifu

Mtu anayekwenda Butembo kwa miguu, akitoka upande wa Musienene au upande wa Beni, huona kwanza vilima, kisha mabati ya nyumba, kisha misalaba ya makanisa. Nyumba zimepanda mteremko toka chini hata juu, na mikaratusi imesimama kileleni. Mabondeni hupita mito. Mmojawapo ni Kimemi, na jina hilo ndilo jina la komuni moja ya mji. Mahali pengi kanisa, shule na nyumba ya mapadri vimewekwa juu, hata mtu aendaye Misa hana budi kupanda.

Basi mkatekumeni aweza kuuliza: Kwa nini misioni imewekwa juu ya kilima? Je, Mungu yu karibu zaidi na mtu wa kilimani kuliko mtu wa bondeni? Na yule aliyelazimika kukikimbia kilima chake na kukiacha kikanisa chake, je, amemwacha Mungu huko nyuma?

Maswali hayo si ya kitoto. Tangu kale wanadamu waliyajibu kwa mawe na kwa matofali, walipoijenga miji yao. Somo hili litatazama kwanza mji wa Roma, kisha mji wa Kampala katika nchi ya Uganda, kisha litarudi Butembo na Beni. Msomaji aangalie katika kila mji mambo mawili: udongo uliwafundisha watu nini, na dini iliwafundisha nini.

1. WAROMA NA UDONGO WAO

Mji wa Roma ulianza mahali pa vilima, kando ya mto Tiber, karibu na kivuko. Watu wa kwanza walikaa juu, hasa juu ya kilima kiitwacho Palatino, kwa sababu chini palikuwa na kinamasi, na mto ulipofurika maji yaliingia mabondeni. Kilimani hewa ilikuwa njema, na adui alionekana tangu mbali. Vilima vilivyohesabiwa ni saba. Kwa hiyo hata leo Roma huitwa mji wa vilima saba.

Lakini Waroma hawakuchagua mahali kwa macho tu. Mjenzi wao mmoja, jina lake Vitruvius, aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto, aliandika vitabu kumi juu ya kazi ya ujenzi. Alieleza ya kuwa wazee wa kale, kabla ya kujenga mji au kambi, walitwaa wanyama waliolishwa mahali pale, wakawatoa dhabihu, wakayatazama maini yao. Ini la kwanza likionekana bovu, walichinja wanyama wengine ili kuhakikisha. Wote wakiwa na maini mabovu, wazee walijua ya kuwa maji na majani ya mahali pale hayafai, wakaondoka kutafuta pengine.

Tazama basi: kuchinja kulikuwa tendo la dini, na ndani yake mlikuwa na hekima ya wachungaji. Mtu wa kale hakutenganisha mambo hayo mawili. Alipoiuliza miungu yake, papo hapo aliuuliza udongo.

Kati ya Palatino na kilima cha pili, Kapitolino, lilikuwapo bonde lenye matope. Waroma walichimba mtaro mkubwa wa kuyapeleka maji yake mtoni. Wazee wao walisimulia kwamba kazi hiyo ilifanywa na wafalme wa kwanza, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristu. Bonde lilipokauka, likawa kiwanja cha mji, kilichoitwa Forum. Hapo palikuwa na soko, mabaraza ya hukumu na mahekalu. Lakini hekalu kubwa kuliko yote, hekalu la Jupiter, waliyemwita mkuu wa miungu, hawakulijenga bondeni. Walilijenga juu ya Kapitolino, ili mtu yeyote akiwa sokoni ainue macho na kuliona. Hata Vitruvius aliagiza hivyo: hekalu la miungu walinzi wa mji liwekwe mahali pa juu, ambapo sehemu kubwa ya kuta za mji huonekana.

2. PLAU NA MPAKA

Waroma walipoanzisha mji mpya, wabashiri walitazama kwanza mruko wa ndege, wapate kujua kama miungu imekubali. Kisha mwanzilishi wa mji alitwaa plau, yaani jembe kubwa linalovutwa na ng'ombe. Alifunga fahali upande wa nje na ng'ombe jike upande wa ndani, akazunguka, akichora mstari mahali utakapojengwa ukuta. Wenzake walifuata nyuma, wakihakikisha kwamba udongo unaanguka upande wa ndani.

Alipofika mahali pa lango aliinua plau, asiukate udongo. Kwa nini? Kwa sababu mstari ule ulihesabiwa kuwa mtakatifu, wala haikuwa halali kuuvuka. Lakini langoni ilibidi vitu vyote vipite, vilivyo safi na vilivyo najisi, hata maiti waliopelekwa kuzikwa. Maana katika sheria za Roma zilizoandikwa karibu na mwaka 450 kabla ya Kristu, ilikatazwa kumzika au kumchoma maiti ndani ya mji. Wafu walizikwa nje, kando ya barabara. Hivyo mtu aliyekaribia mji wa Waroma alipita kwanza katikati ya makaburi.

Ndani ya mpaka walipima barabara mbili kubwa zilizokatana: moja kutoka kaskazini kwenda kusini, moja kutoka mashariki kwenda magharibi. Njia ndogo zilizifuata hizo mbili. Mji wa namna hiyo waweza kuonekana hata sasa katika Afrika, huko Timgad katika nchi ya Algeria. Kaisari Trajano aliuanzisha mwaka 100 baada ya Kristu, kwa ajili ya askari waliomaliza kazi yao. Mji umebomoka siku nyingi, lakini barabara zake zilizonyoka na nguzo za mahekalu yake zimebaki.

Wapagani wale walikosa, kwa kuwa waliabudu miungu ya uongo, wakatafuta mapenzi ya mbingu katika mruko wa ndege. Lakini mambo mawili walifahamu vema. Walijua kwamba mtu asiyetazama maji, upepo na mteremko atajenga nyumba ya kumwangukia. Tena walijua kwamba watu hawawi mji kwa kujenga karibu karibu tu. Lazima wawe na jambo moja wanaloliheshimu wote.

3. KABURI LILILOKUWA NJE

Katika mji huo wa mahekalu ya juu na mipaka mitakatifu alifika Mtakatifu Petro, mvuvi wa Galilaya. Wakristu wa Roma hawakuwa na hekalu juu ya kilima chochote. Walikusanyika katika nyumba za watu. Wakati wa Kaisari Nero, kati ya mwaka 64 na 67, Petro aliuawa. Walimzika kwenye mteremko wa Vatikano, ng'ambo ya mto, nje ya mpaka mtakatifu, penye makaburi ya watu wengi, maskini kwa matajiri.

Wenye hekima ya mji wangalisema: Mahali hapa si kitu. Ni nje, ni pa wafu, ni pa watu waliohukumiwa. Lakini Wakristu waliliangalia kaburi lile kwa miaka zaidi ya 200, toka baba hata mwana.

Kaisari Konstantino alipowapa Wakristu uhuru, mwaka 313, akataka kujenga kanisa kubwa la Mtakatifu Petro. Udongo wa Vatikano haukufaa. Kaburi lilikuwa kwenye mteremko, na chini yake palikuwa na njia nzima ya makaburi. Mjenzi yeyote angalichagua mahali tambarare palipokuwa karibu. Wajenzi wa Konstantino hawakufanya hivyo. Upande mmoja walikikata kilima, upande wa pili walijaza udongo juu ya makaburi, mpaka wakapata uwanja ulio sawa, ili altare isimame palepale juu ya kaburi la Mtume. Kati ya mwaka 1940 na 1949, kwa amri ya Baba Mtakatifu Pio XII, wataalamu walichimba chini ya kanisa, wakaikuta ile njia ya makaburi ikiwa chini ya udongo uliojazwa.

Hapa ndipo jambo jipya lilipoonekana duniani. Wapagani walikitafuta kilima kilicho bora, wakaweka juu yake mungu wao. Wakristu walimtafuta shahidi wao, na mahali alipolala wakapageuza kuwa bora, hata kama ni mteremko mbaya wa nje ya mji. Karne kadhaa baadaye Baba Mtakatifu Leo IV alipazungushia Vatikano ukuta, na mji ukaenea huko. Palipokuwa nje pakawa moyo wa Roma.

Wala hilo si ajabu kwa mtu aliyefundishwa. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe hakufa katika hekalu la Yerusalemu. Alitolewa nje ya lango, akafa mahali pa wahalifu. Waraka kwa Waebrania unalikumbusha jambo hilo katika sura ya 13.

4. KAMPALA, MJI WA VILIMA

Mfano wa pili hauko mbali. Toka Kasindi, mpakani mwa Kongo, barabara huingia Uganda na kufika Kampala. Mji huo nao husemwa kuwa ulijengwa juu ya vilima saba kama Roma, ingawa leo umeenea juu ya vilima vingi zaidi. Kati ya kilima na kilima yalikuwako mabonde ya mafunjo na maji.

Wafalme wa Buganda, waitwao Kabaka, walijenga ikulu zao juu ya vilima. Kabaka mpya alichagua kilima kipya, na makao ya zamani yakaachwa. Raia walijenga chini na kando, kila mtu kwa cheo chake. Kabaka Mutesa I alikaa kwanza mahali pengine, kisha Rubaga. Hapo ndipo msafiri Stanley alipomtembelea mwaka 1875. Mutesa alipokufa, mwaka 1884, alizikwa Kasubi, juu ya kilima, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi. Kwa Waganda kilima kilikuwa enzi, na kaburi la mfalme lilikuwa hekalu.

Mwezi wa Februari 1879 walifika Mapadri Weupe, wa kwanza wakiwa Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans. Waprotestanti kutoka Uingereza walikuwa wamefika mwaka 1877, na Waislamu kabla yao wote. Baadaye Wakatoliki walipewa kilima cha Rubaga, na Waprotestanti wakapata kilima cha Namirembe. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard, mjumbe wa kampuni ya Kiingereza, alijenga ngome juu ya kilima kidogo kilichoitwa Kampala, na jina la kilima hicho likawa jina la mji wote. Kabaka Mwanga alikaa Mengo, katikati yao. Hivyo kila kundi lilishika kilima chake, na kutoka kileleni lilimtazama mwenzake ng'ambo ya bonde.

Kumbe, hatari ilikuwa hapo. Neno Namirembe latokana na neno la Kiganda lenye maana ya amani. Lakini tarehe 24 Januari 1892 vita vilizuka kati ya waliojiita watu wa Kristu upande huu na watu wa Kristu upande ule. Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki na kwa mzinga wake wa risasi nyingi. Rubaga iliteketezwa, kanisa likaungua, na Wakatoliki wakakimbia pamoja na Kabaka. Baadaye walipewa jimbo la Buddu, upande wa kusini, na wengi wakahamia huko.

Mkatekumeni afikiri vema juu ya tarehe hiyo. Kilima ni kilekile, jina la Yesu ni lilelile, lakini waliokaa juu walipoanza kukipenda kilima kuliko amri ya upendo, mahali pa sala pakawa mahali pa moto. Mtu aweza kuijenga nyumba ya Mungu juu sana, na moyo wake ukabaki chini sana.

Tena afikiri juu ya wale waliofukuzwa. Walikwenda Buddu bila kanisa, bila kengele, bila kilima chao. Je, imani yao ilikufa? Haikufa. Buddu, yaani nchi ya Masaka, ikawa nchi ya Wakristu wengi. Nchi hiyo ilichungwa na Joseph Kiwanuka, askofu wa kwanza Mwafrika mweusi wa Kanisa la Kilatini katika nyakati za sasa. Baba Mtakatifu Pio XII alimweka wakfu tarehe 29 Oktoba 1939, katika kanisa la Mtakatifu Petro, palepale Vatikano. Baadaye Askofu Kiwanuka akawa Askofu Mkuu wa Rubaga. Kanisa kuu la sasa, lililojengwa tangu mwaka 1914 hata 1925, lilikuwa limesimama juu ya kilima kilichoteketezwa.

Kampala ya leo ingali na vilima vya dini: Wakatoliki wana Rubaga na Nsambya, Waanglikana wana Namirembe, Waislamu wana Kibuli. Na juu ya kilima cha ngome ya Lugard umesimama msikiti mkubwa wa taifa. Lakini watu wa vilima hivyo sasa huamkiana. Mwaka 1963 Wakatoliki, Waanglikana na Waortodoksi waliunda baraza moja la Wakristu wa Uganda.

5. NAMUGONGO

Mahali patakatifu panapowavuta watu wengi kuliko vilima vyote hivyo hapako katikati ya mji. Ni Namugongo, nje upande wa mashariki, palipokuwa mahali pa kuulia waliohukumiwa na Kabaka. Hapo tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa sababu ya imani na usafi wao. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, akawakumbuka kwa heshima na wale Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristu.

Kanisa la Namugongo, lililowekwa wakfu mwaka 1975, limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda ya kale, na nguzo zake ni 22 kwa hesabu ya Mashahidi. Kila mwaka, siku ya 3 Juni, waamini hufika kutoka nchi nyingi, wengine kwa miguu, na wengine kutoka Kongo.

Sasa msomaji aunganishe mambo. Vatikano palikuwa nje ya Roma, pa wafu na wahalifu. Namugongo palikuwa nje ya makao ya Kabaka, pa moto na hukumu. Hakuna mbashiri aliyetazama ndege na kupachagua. Palichaguliwa na damu ya watu waliopenda mpaka mwisho. Namna hiyo ndiyo Kanisa limepata mahali pake patakatifu.

6. BUTEMBO NA BENI

Hata katika nchi hii udongo ulisema kwanza. Beni iko chini, karibu na msitu na bonde la Semuliki, mahali pa joto. Butembo iko juu, karibu meta 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, mahali pa baridi na mashamba. Bondeni mwa Semuliki ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi zamani. Milimani watu walizidi kuwa wengi. Injili ilifika Beni mwaka 1906, ikiletwa na Mapadri wa Moyo Mtakatifu. Mwaka 1929 walikuja Mapadri Waasunsioni. Mwaka 1938 Beni ikawa vikarieti, chini ya Askofu Henri Piérard. Mwaka 1959 ikawa jimbo kamili. Na mwaka 1967 jimbo likaitwa Butembo-Beni, watu wa milimani na watu wa msituni chini ya mchungaji mmoja.

Wazee wa kale nao walitazama juu. Bakonzo, ndugu za Banande, walisema kwamba Kitasamba anakaa katika theluji ya Ruwenzori, mlima wenye urefu wa meta 5,109. Mkatekumeni asiwacheke wazee hao. Walitambua kwamba mtu si mwenye nchi, na kwamba juu yake yuko anayepaswa kuheshimiwa. Lakini hawakujua kwamba Muumba wa mlima ameshuka, akazaliwa na Bikira Maria, akatembea bondeni pamoja na watu. Mwanamke Msamaria alipomwuliza Yesu kama sala yafaa juu ya mlima wao au Yerusalemu, Bwana alimfundisha ya kuwa Baba anawatafuta wanaomwabudu kwa roho na kweli, kama isomwavyo katika Injili ya Yohane, sura ya 4.

Basi misioni ikiwekwa juu, sababu zake ni za akili na za upendo: maji ya mvua hayatuami, kengele husikika vijijini, na njia za pande zote hukutana. Si kwamba Mungu hakai bondeni. Tena Mkristu wa kilimani asisahau deni lake kwa mtu wa bondeni. Maji ya mvua yakishuka kwa nguvu kutoka kwenye uwanja usio na miti wala mtaro, yatabomoa nyumba ya jirani wa chini. Kupanda miti, kuacha njia ya maji, na kutojenga ukingoni mwa korongo ni sehemu ya amri ya kumpenda jirani.

Lakini leo yako maumivu makubwa kuliko mvua. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni wameuawa katika vijiji na mashamba yao, na wengine wengi wamekimbia. Hata kabla yake, tarehe 19 Oktoba 2012, mapadri watatu Waasunsioni walitekwa usiku katika parokia ya Mbau, wala hawajarudi. Katika darasa la wakatekumeni la Butembo au la Beni mjini yuko mtu aliyekiacha kikanisa alichokijenga kwa mikono yake, na makaburi ya wazazi wake, asijue kama atayaona tena. Mtu huyo ndiye anayeuliza kwa machozi lile swali la tatu la mwanzo.

Kanisa lina jibu la zamani kwa ajili yake. Mwaka 410 maadui waliingia Roma, wakauteka mji ule uliodhaniwa kuwa wa milele. Watu waliokimbia walifika mpaka Afrika. Wapagani walisema: Mji umeanguka kwa sababu miungu ya vilima imeachwa. Ndipo Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria, alipoanza kuandika kitabu kikubwa juu ya Mji wa Mungu. Alieleza kwamba miji ya wanadamu hujengwa na kuanguka, bali Mji wa Mungu ni watu wanaompenda Mungu kuliko nafsi zao, nao wamo safarini duniani, wamechanganyika na watu wa kila mji. Augustino alifariki mwaka 430, adui wakiwa wameuzingira mji wake mwenyewe. Aliyoyafundisha wakimbizi aliyahitaji kitandani pake. Mapadri Waasunsioni hufuata kanuni ya maisha ya mtakatifu huyo.

Kwa hiyo aliyekimbia hajamwacha Mungu nyuma. Kikanisa kilikuwa nyumba. Kanisa ni yeye na wenzake. Mtume Petro, yeye ambaye kaburi lake lilibadilisha umbo la mji wa Roma, aliwaita Wakristu mawe yaliyo hai. Jiwe lililo hai laweza kuchukuliwa kutoka Mbau likajengwa Butembo, wala halipotezi nguvu zake. Na mwenyeji wa Butembo ampokeaye mkimbizi katika jumuiya yake, akampa nafasi ya kukaa na shamba la kulima, huyo anajenga mji kweli, hata kama hajawahi kushika mwiko wa mwashi.

Mkatekumeni anajiandaa kupita mlango wa Ubatizo. Mlango huo hauna mpaka wa kuwazuia walio najisi, kwa maana wote huingia kwa kuoshwa. Atakapopanda kilima kwenda kubatizwa usiku wa Pasaka, ajue ya kuwa hapandi ili amfikie Mungu aliye mbali, bali aende pamoja na ndugu zake kwa Mungu aliyetangulia kushuka kwao.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Wazee wa Waroma walitazama nini kabla ya kuchagua mahali pa mji? Hekima gani ilikuwamo katika desturi hiyo, na kosa gani?

2. Kwa nini mwanzilishi wa mji aliinua plau alipofika mahali pa lango?

3. Wajenzi wa Konstantino waliona shida gani katika mteremko wa Vatikano? Kwa nini hawakujenga mahali tambarare?

4. Vilima vya Kampala viliwaleta Wakristu katika hatari gani mwaka 1892? Hatari ya namna hiyo yaweza kuingiaje katika kijiji?

5. Vatikano na Namugongo pafanana katika jambo gani?

6. Katika jumuiya yuko nani aliyekiacha kilima chake kwa sababu ya vita? Wakatekumeni watamtendea nini juma hili?